Diski Nne na Kwaya ya Ilagala

Hadija mwanangu,

Begi lako liko mlangoni na baba yako amelifunga kamba mara ya pili, utadhani treni ina ugomvi nalo. Wewe bado uko kwa shangazi yako unaaga, na mimi nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaziandika. Umezisikia wiki nzima kutoka kwa kila aliyepita hapa, na wewe ni mtu mzima mwenye barua ya ajira. Nachingwea wanamngoja mtaalamu wa maabara. Hawamngoji mtoto wa Mama Hadija.

Nataka nikusimulie jambo ambalo ulilipata nusu nusu. Ulipokuja likizo ya mwisho kutoka chuo ulikuta studio ina boksi jipya, ukaniuliza la zamani liko wapi. Nikakujibu kwamba lilichoka. Ukacheka, ukaenda kuwatafuta wenzako. Sikukudanganya, ila sikukuambia yote, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado naona haya. Sasa haya imekwisha na furaha imebaki, nami sitaki uondoke bila kuijua.

Boksi unalijua kwa sura. Lilikaa kwenye rafu nyuma ya kompyuta, lina matundu manne mbele, kila tundu na diski yake, na kebo moja inayoingia kwenye kompyuta zote mbili. Kila tulichorekodi kilikwenda kulala humo: kwaya za Gungu na Mwanga, kaswida za vijana wa Ujiji, matangazo ya sabuni, harusi za watu. Aliyeniuzia alinieleza kwamba diski zile zinagawana mzigo, kwamba moja ikifa, tatu zilizobaki zinaweza kukirudisha kilichokuwa ndani yake. Mimi nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Nikaamini nina nakala nne. Kwa miaka nikawaambia wateja, “Vitu vyenu viko salama,” na nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua.

Kumbe nilikuwa na nyumba moja yenye nguzo nne. Nguzo moja ikianguka paa linabaki. Nyumba ikiungua, hata nguzo zikiwa nzima, wewe uko nje.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo hata sikuliita kosa. Siku moja boksi lilianza kulia, mlio mwembamba, unakatika na kurudi, na taa ya diski ya tatu ikageuka rangi ya chungwa. Ndani ya chumba cha kurekodia alikuwapo mtangazaji, na mlio ule ulikuwa unapenya ukutani mpaka kwenye maiki. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta mahali pa kuunyamazisha, nikaunyamazisha. Tukamaliza tangazo. Nilijiambia nitaliangalia jioni. Jioni ile ilikuja na kupita, na nyingine, na taa ile nikaizoea kama unavyozoea doa kwenye pazia. Niliuzima mlio, nikauacha ugonjwa.

Huko maabara mtakuwa na mashine nyingi zinazolia. Wewe unazijua kuliko mimi, basi niishie hapo.

Sasa Kwaya ya Ilagala. Unawakumbuka, maana uliwapikia uji walipolala kwetu na kwa majirani likizo ile ya shule. Mwalimu Elisifa ndiye aliyewakusanya. Yeye ni Mpare, alipangiwa kazi Ilagala akiwa kijana, akakuta walimu na wauguzi waliotoka kila kona ya nchi, na wenyeji wavuvi na wakulima wa michikichi, akawafanya kwaya moja. Walikuwa wakiimba Kiswahili, na nyimbo tatu kwa Kiha, ambazo wageni walifundishwa na wenyeji neno kwa neno. Mimi niliyezaliwa Simbo nilikuwa nawasikiliza Wachaga na Wangoni wakitamka Kiha cha bibi yangu, natabasamu nyuma ya kioo. Sijawahi kurekodi watu waliopatana vile. Nilijua nimepata kazi ambayo ningeikumbuka uzeeni.

Ikabaki kazi yangu, kuzichanganya sauti na kuzisafisha. Nilikuwa na wateja wengine, nikasogeza mbele. Wakati mimi nasogeza, uhamisho ukaanza. Muuguzi mmoja akapelekwa Songea, mwalimu mwingine Tarime, bwana samaki, yule ofisa wa uvuvi, akaenda Mafia. Mwaka haujaisha, nusu ya kwaya haikuwapo tena. Mwalimu Elisifa akapanga uzinduzi wa nyimbo zile Ilagala, akawaandikia wote waombe ruhusa kazini waje siku hiyo moja. Kurekodi upya hakukuwezekana. Sauti zile zilikuwa kwangu tu, ndani ya boksi.

Halafu ikaja ile mvua. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya mwisho kila kitu kiliwaka isipokuwa boksi. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha waya wa umeme. Nikalibonyeza mpaka kidole kikauma. Baba yako aliporudi kutoka Kibirizi, bado ana grisi ya injini za maboti mikononi, aliliinamia, akalinusa, akaniambia, “Mama Hadija, hii imeungua. Naisikia.”

Nikachomoa diski moja, nikaiunganisha na laptopu kwa waya niliokuwa nao. Laptopu ikafikiri kidogo, ikaandika kwamba haiitambui diski hii, ikaniuliza kama niifomati ili itumike. Mwanangu, mkono wangu ulikuwa juu ya kitufe. Najua maana ya kufomati, nimewafundisha vijana wangapi neno hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilitaka mtu aniambie la kufanya, hata kama mtu huyo ni mashine.

Baba yako akauliza kutoka mlangoni, “Inasemaje?”

“Inauliza kama niifute.”

“Basi jibu hapana kwanza,” akasema. “Hapana unaweza kuibadilisha kesho.”

Yeye hajui kompyuta na hakujidai kujua. Alikuwa anaongea kama anavyoongea na mtu anayetaka kufungua injini kwa hasira. Nikaondoa mkono. Nikairudisha diski kwenye tundu lake, nikafunga mlango wa studio, nikaenda kukaa uani.

Ingekuwa hadithi nzuri kama kesho yake ningempigia Mwalimu Elisifa nikamwambia. Sikumpigia. Yeye ndiye aliyenipigia, akiuliza nyimbo zimefika wapi, maana watu wameshapata ruhusa, wengine wameshakata tiketi. Nikamjibu kwamba tuko hatua za mwisho. Akanishukuru, akanibariki. Nikakata simu. Uongo ule haukunipa hata nusu saa ya raha. Kila simu ilipolia nilidhani ni yeye, na kila siku niliyokaa kimya ilifanya maneno ya kesho yawe magumu zaidi. Nikaona kwamba nilikuwa natumia nguvu nyingi kumkwepa mtu, nguvu ambazo ningezitumia kutafuta sauti zake.

Nikaenda Ilagala mwenyewe. Sikutaka kumwambia kwa simu. Nilimkuta shuleni anafuta ubao, watoto wameshatoka. Nikamwamkia, nikakaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakanifika kifuani, nikamweleza yote: boksi lililoungua, taa ya chungwa niliyoizoea, na jibu la uongo nililompa. Alisikiliza akiwa ameshika kifutio. Alipokuja kusema, hakupaza sauti.

“Mama Hadija, sauti zenyewe zimepotea, au nyumba yake ndiyo imeungua?”

“Sijui, Mwalimu. Nadhani ni nyumba. Diski tatu zilikuwa nzima.”

“Basi usiniombe msamaha bado. Rudi ukatafute. Mimi sitawaambia watu wasije.” Akafikiri. “Ila siku ya kufungua uniite. Nataka niwepo, iwe heri, iwe shari.”

Nilirudi nyumbani Rusimbi nikiwa mwepesi kama niliyetua debe la maji. Hatari ilikuwa ile ile, lakini sasa tulikuwa wawili tunaoijua.

Ndipo nikaanza kusoma. Nilisoma maelezo ya watengenezaji wa boksi mpaka macho yakawaka, Kiingereza cha mafundi, kamusi pembeni. Nikagundua kwamba diski zikiwa nzima, zinaweza kuhamishwa kwenye boksi jipya la watengenezaji wale wale, lakini si kila boksi linapokea diski za kila boksi. Yapo yanayoelewana na yapo yasiyoelewana, na wameyaorodhesha. Kila diski iingie kwa mpangilio ule ule iliyokuwa nao, boksi likiwa limezimwa. Na nikajifunza jambo ambalo lingeniangamiza kama nisingelisoma: sauti zikishafunguka, usikimbilie kubadilisha diski mgonjwa. Kwanza nakili kila kitu nje. Kazi ya kuijaza diski mpya inazichosha zile zilizobaki, na nyingine ikianguka katikati ya kazi hiyo, umekwisha.

Boksi jipya nililiagiza Dar es Salaam. Diski kubwa ya nje ya kunakilia sikuipata madukani hapa. Niliyejua anayo alikuwa mmoja tu: Deo wa Mwanga.

Unajua habari zetu na Deo. Nilimfundisha kazi mimi, akaondoka, akafungua studio yake, na baadhi ya wateja wangu wakamfuata. Tangu hapo tulikuwa tunasalimiana kwa adabu tu, kama watu waliokutana msibani. Nilipita mbele ya duka lake mara mbili, nikijidai nakwenda sokoni. Mara ya tatu nikaingia. Akasimama haraka.

“Shikamoo mama. Kuna tatizo?”

“Marahaba. Lipo. Naomba uniazime diski yako kubwa.”

Nikamweleza kwa nini. Nilitegemea aone raha kidogo, na ningemwelewa. Yeye alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na diski, akaniambia kwamba na yeye hana nakala hata moja nje ya boksi lake. Tukacheka wote wawili. Miaka ile yote nilikuwa nimejiwekea ugomvi ambao mwenzangu hakuwa nao. Nilimdhania Deo kiburi, kumbe alikuwa ananiogopa.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi. Mwalimu Elisifa aliingia asubuhi na gari la kwanza, na samaki wawili, migebuka, kwenye mfuko, akasema hakuja mikono mitupu hata kama tunakwenda kuzika. Baba yako alikuwa ameshafagia studio na kufunga madirisha vumbi lisiingie. Nikatandika shuka safi mezani.

Nililiweka boksi la zamani mbele yangu, nikalipiga picha kwa simu. Nikakata vipande vya gundi ya karatasi, nikaandika namba kutoka kushoto kwenda kulia, nikabandika kila diski ikiwa bado tunduni. Hapo ndipo nilipozichomoa, moja moja, nikapangusa vumbi kwa brashi, nikaipeleka kila moja kwenye tundu la namba yake ndani ya boksi jipya. Baba yako alikuwa anarudia namba nyuma yangu kama muadhini wa pili. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha waimbaji, viganja kati ya magoti.

Nikaliwasha. Feni zikavuma. Nikafungua ukurasa wake kwenye kompyuta, na ukurasa ukasema umeziona diski zilizotoka kwenye boksi jingine. Ukanipa vitufe viwili. Kimoja kilikuwa cha kufuta na kuanza upya. Cha pili kilikuwa na neno nililolisoma mara mia wiki ile, na bado nilitaka kulisikia kwa mtu ninayemwamini. Ndiyo siku ile niliyokupigia simu ukiwa unatoka darasani, nikakuuliza neno moja la Kiingereza, ukashangaa.

“Ni kuhama, mama,” ulisema. “Kuhama na vitu vyako.”

Nikakushukuru, nikakata simu, nikasema bismillahi, nikabonyeza.

Boksi lilijizima lenyewe. Likawaka. Likakaa kimya muda ambao sitaki kuukumbuka, Mwalimu akatoka nje, akarudi, akatoka tena. Halafu likaanza kulia. Mlio mwembamba, unakatika na kurudi. Baba yako akaniangalia kwa hofu, na mimi nikapiga makofi, maana nilikuwa naujua mlio ule. Ni ule niliounyamazisha. Boksi jipya lilikuwa linalalamikia diski ya tatu, na haliwezi kulalamikia diski ya tatu kama haliwatambui ndugu zake. Sijawahi kufurahia kelele kama siku hiyo.

Nikafungua folda ya Ilagala kwenye kompyuta. Nyimbo zilikuwapo zote, kila sauti peke yake, na majina yake kama nilivyoyaandika. Nikachagua wimbo wa pili wa Kiha, nikafungulia spika. Wauguzi wakaanza, wenye sauti nzito wakaingia chini yao, na chumba kikajaa watu ambao walikuwa Songea na Tarime na Mafia.

Ungependa nikuambie Mwalimu alilia. Hakulia. Alisimama katikati ya chumba, akainua mkono wa kulia, akaanza kuwaongoza. Aliwaongoza mpaka mwisho, akawafunga kwa kidole, kisha akanigeukia.

“Haya, Mama Hadija,” akasema. “Sasa fanya kazi yako.”

Nikaifanya. Kwanza nilinakili kila kitu kwenye diski ya Deo, na sikugusa kitu kingine mpaka ilipokamilika. Deo alikuja mwenyewe kuangalia, akala migebuka na ugali pamoja nasi. Ndipo nikaitoa diski mgonjwa, nikaweka mpya, boksi likaijaza usiku kucha, na kulipokucha taa zote nne zilikuwa za kijani. Baada ya hapo nilifunga mlango nikazichanganya nyimbo zile kama ninayelipiza kisasi kwa miezi yote niliyozisogeza. Ni kazi bora niliyowahi kufanya. Nasema bila unyenyekevu, maana kwa mwanangu naruhusiwa.

Tangu hapo nakala za studio yangu ziko pia kwa Deo, huko Mwanga, na za Deo ziko kwangu Rusimbi, na seti nyingine iko Ilagala kabatini kwa Mwalimu. Siku hizi mteja akiniuliza, namwonyesha. Kumwambia tu niliacha.

Sasa uzinduzi, ambao hukuuona, na hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Walikuja, Hadija. Walikuja kwa treni, kwa mabasi, wengine kwa boti. Uwanja wa shule ulijaa kutoka barabarani mpaka upande wa ziwa, akina mama wamefunga vitenge vya sare, wavuvi hawakwenda majini siku hiyo. Mimi na baba yako tulikaa nyuma, mimi na ushungi wangu kati ya mapadri na wachungaji. Mwalimu akaniita mbele kwa jina, akawaambia watu ni nani aliyezitafuta sauti zao. Akawaambia pia, kwa ruhusa yangu, kwamba ni mimi niliyekuwa nimekaribia kuzipoteza. Watu wakapiga vigelegele kwa yote mawili. Sijui kama kuna kushangiliwa kuzuri kuliko kushangiliwa na watu wanaozijua pande zako zote.

Kisha kwaya ikapanga mstari. Wawili walikuwa wamenyimwa ruhusa, yule muuguzi wa Songea na mwenzake, sauti za juu zote mbili. Nilidhani wengine watasogea kuziba. Hawakusogea. Waliacha nafasi mbili wazi katikati ya mstari wa mbele, na mimi nikafungulia kwenye spika sauti zao mbili tu. Wimbo ulipofika mahali pao, sauti zao zikatoka pale pale walipopaswa kuwa, safi, hazikukosa hata neno la Kiha. Aliyesimama kando ya nafasi ile aligeuza uso kidogo, kama mtu anavyomwangalia jirani yake anapoimba vizuri. Uwanja mzima ukasimama. Wimbo wa mwisho waliombwa kuurudia mpaka jua likaingia Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimeacha kuogopa kuondoka kwako, jambo ambalo nilikuwa nimeanza kuliogopa tangu ulipokaribia kumaliza chuo. Niliona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kuwa Songea, na nafasi yake Ilagala ikabaki yake, hakuna anayeikalia wala anayeisahau.

Nakusikia getini, unamsalimia baba yako, na yeye anakuambia kamba ya begi bado haijakaza. Naikunja barua hii. Utaisoma treni ikishapita Uvinza.

Nenda, mwana wanje, mwanangu. Nenda ukafanye kazi kwa sauti yako yote. Mezani kwetu hatutasogea.

Mama yako
Rusimbi